Moto wa Uani

Mpita njia katika mitaa ya Magomeni, Ilala au Temeke huiona nyumba kwa upande wa mbele tu: kibaraza cha saruji, mlango wa katikati, madirisha kila upande, na pengine kiduka kilichofunguliwa kwenye chumba cha kona. Akiishia hapo ataondoka bila kuijua nyumba. Ukumbi wa nyumba hizi za Kiswahili hupasua katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba vitatu mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto, na unakotokea ndiko uliko ua. Huko ndiko liliko bafu, choo, stoo na pipa la maji. Huko ndiko zinakoanikwa nguo na kukunwa nazi. Na huko, chini ya mwembe au mpapai uliojiotea wenyewe, ndiko majiko yanakopangwa.

Nasema majiko, kwa wingi, maana katika nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji wa vyumba sita, kila mwenye chumba ana jiko lake. Saa kumi na mbili asubuhi utayakuta yamejipanga ukutani kama watoto wa shule, kila moja na birika lake la chai. Hakuna siri katika ua wa namna hii. Aliyekaanga samaki anajulikana, na aliyelala na chai kavu anajulikana pia, na mara nyingi huitwa aonje.

Siku za kazi moto wa uani ni moto wa haraka. Baba anawahi zamu kiwandani, mama anawahi sokoni au ofisini, watoto wanawahi kengele. Jumapili moto huo hubadilika tabia. Kuanzia saa tano hivi harufu ya nyama iliyolala kwenye tangawizi huanza kuruka kuta, ikatoka ua mmoja hadi mwingine, na akina baba ambao wiki nzima hawakujua chumvi inawekwa wapi hukumbuka ghafla kuwa nao wana mikono. Wengi wetu tumezoea kudhani kuwa nyama ya kuchoma ni chakula cha baa, cha kuagizwa kwa kilo na kungojewa kwa soda mbili. Mimi sikubaliani. Mchomaji wa baa ana wateja thelathini wanaomwita kwa wakati mmoja, na hawezi kuusubiri moto. Mpishi wa nyumbani anaweza, na katika kazi hii kusubiri ndiyo nusu ya upishi.

Lakini kabla ya moto, nyama yenyewe. Sehemu kubwa ya ng'ombe wanaoliwa Dar es Salaam hupitia mnada wa Pugu, nje kidogo ya jiji, wakitokea mikoa ya bara kama Shinyanga, Singida na Dodoma, kisha huchinjwa katika machinjio kama ile ya Vingunguti. Ni ng'ombe wetu wa kienyeji wenye nundu, waliokua kwa kutembea kutafuta majani na maji, na wengi wao hawakuuzwa mpaka walipokuwa na umri wa kutosha. Mnyama aliyetembea sana ana misuli iliyokaza na mafuta kidogo. Nyama yake ina ladha nzuri kuliko ya ng'ombe aliyenoneshwa bandani, lakini humpa jino kazi.

Liko jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalitilii maanani. Sisi hupenda nyama ya asubuhi hiyohiyo, bado ina joto la mwili, tukiamini kwamba hiyo ndiyo nyama safi. Safi ni kweli, lakini laini siyo. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli ya mnyama hukakamaa, na ukakamavu huo huchukua siku nzima na zaidi kabla ya kuanza kulegea. Anayenunua steki saa mbili asubuhi Jumapili na kuiweka motoni saa sita anaipika nyama wakati ambapo iko katika ugumu wake wa mwisho. Mwenye jokofu, au mwenye jirani mwenye jokofu, na anunue Jumamosi asubuhi, aiweke katika ubaridi hadi kesho yake. Tofauti ataiona.

Sasa mkaa, na hapa hapana budi nisimame kidogo, kwa sababu mkaa si kitu cha kutajwa kwa mkato.

Kila asubuhi katika barabara zinazoingia Dar es Salaam, ile ya Morogoro, ile ya Kilwa, ile inayotoka Kisarawe, huonekana malori, pikipiki na hata baiskeli zilizobeba magunia yaliyofungwa lumbesa, juu yamewekewa majani ili mkaa usimwagike. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa Tanzania ilikuwa ikitumia mkaa kiasi cha tani milioni moja kwa mwaka, na kwamba nusu yake ilichomwa katika jiji hili peke yake. Wanasayansi waliochunguza misitu inayolizunguka jiji walichapisha mwaka 2010 matokeo yanayofikirisha: mwaka 1991 uchomaji mkaa ulikuwa ukifanyika kiasi cha kilomita 20 kutoka Dar es Salaam, na kufikia mwaka 2005 ulikuwa umesogea hadi kilomita 50. Yaani msitu ulikuwa ukirudi nyuma mbele ya majiko yetu. Hata milima ya Pugu na Kazimzumbwi huko Kisarawe, yenye misitu ya kale iliyohifadhiwa kisheria, haikunusurika na mashoka.

Na upotevu wenyewe ni mkubwa kuliko jicho linavyoona. Tanuru la kienyeji, lile la kufukia magogo kwa udongo na kuyaacha yafuke siku kadhaa, hula kilo tano hadi kumi za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa. Kwa hiyo kopo moja la mkaa linalonunuliwa gengeni lina nyuma yake mzigo wa kuni ambao mtu mmoja angeona tabu kuubeba. Mnunuzi wa kopo, kwa kawaida mwenye kipato kidogo, ndiye pia anayelipa bei ya juu, kwani mkaa wa kopo ukiujumlisha hadi gunia hutoka ghali kuliko gunia.

Serikali iliwahi kujaribu dawa kali. Mwezi Januari 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku. Bei ikapaa, miji ikahangaika, na katazo halikudumu. Safari hii njia iliyochukuliwa ni nyingine. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanapika kwa nishati safi. Mtungi wa gesi sasa si kitu cha ajabu hata katika ua wa wapangaji sita, ingawa bei ya kuujaza tena huwarudisha wengi kwenye kopo.

Msomaji atauliza: kama mambo ni hayo, vipi ukurasa wa familia unamfundisha mtu kuchoma nyama kwa mkaa? Jibu langu ni hili. Msitu haumalizwi na mishkaki ya Jumapili. Unamalizwa na maharage, yanayochemka saa tatu juu ya jiko la bati linalovujisha joto pande zote, kila siku, katika nyumba baada ya nyumba. Maharage hayajui kama chini yao kuna mkaa au gesi. Ladha ni ileile, hasa yakilowekwa tangu usiku. Nyama ya kuchoma inajua. Kwa hiyo mwenye uwezo wa mtungi na aupe mtungi kazi za kila siku, na kile kidogo cha mkaa akiweke kwa kazi ambayo mkaa peke yake unaiweza. Na akiwasha, asiuchezee.

Mkaa mzuri una dalili zake. Ugonge kipande kwa kipande: uliokolea hulia kama chuma, ambao haukuiva hutoa sauti ya mti. Ukiuvunja, uso wa ndani hung'aa. Ukikuta kipande kizito chenye rangi ya kahawia, hicho ni kisinga, hakikuiva tanuruni. Kitafuka moshi na kuipa nyama uchungu, basi kitoe na ukitumie kuwashia. Mkaa wa miti laini huwaka upesi, hurusha cheche, na kwisha kabla nyama haijageuzwa. Mkaa wa miti migumu ya nyika huchelewa kushika, lakini ukishashika hutulia.

Kuwasha, watu wa Pwani wana hazina wanayoitupa jalalani: vifuu na makumbi ya nazi. Kifuu kikavu kikivunjwa vipande vinne huwaka kwa ukali na kuuwasha mkaa bila tone la mafuta ya taa. Mafuta ya taa huacha harufu ambayo limau halitoi, na mfuko wa plastiki, ambao nimeuona ukiwashiwa majiko katika nyua nyingi, ni sumu kwa mwenye kupuliza na kwa mwenye kula. Chombo chenyewe si lazima kiwe cha fahari. Rimu ya gari kuukuu iliyosimamishwa juu ya matofali matatu, na wavu wa chuma juu yake, hutosha familia ya watu wanane. Jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani hutunza joto vizuri zaidi na hula mkaa mdogo, ila uso wake ni mwembamba kwa wavu mpana.

Kisha ngoja. Hapa ndipo wengi wanapopoteza kila kitu. Makaa yakishaanza kuonyesha wekundu na mwali, mwenye njaa hutupa nyama. Mwali huibabua nje na kuiacha mbichi ndani, mafuta yanadondoka, moto unaruka juu, moshi mweusi unaipaka nyama masizi, na mchomaji anazunguka jiko akimwagia maji. Mwali ni wa kuwashia tu. Nyama huchomwa kwa makaa yaliyoiva, na makaa yaliyoiva ni yale yaliyovaa jivu jeupe pande zote huku ndani yana wekundu uliotulia. Kwa mkaa mgumu hiyo ni kama nusu saa tangu kuwasha. Wakati huo kata kachumbari.

Makaa yakiwa tayari usiyatandaze sawasawa. Yasukume mengi upande mmoja, upande wa pili uache machache au pasiwe kitu. Upande wa moto ni wa kuipa nyama rangi. Upande wa baridi ni wa kuiivisha polepole, na ndiko pa kukimbilia mafuta yakianza kuwaka. Kupima joto hakuhitaji kifaa. Weka kiganja juu ya wavu, kama sentimita 15, uhesabu taratibu. Ukilazimika kuondoa mkono kabla ya kufika tatu, huo ni moto wa mishkaki. Ukifika tano au sita, ni moto wa mbavu za mbuzi na mapaja ya kuku. Ukiweza kuhesabu hadi kumi, umechelewa, ongeza makaa.

Mishkaki ndiyo inayofaa zaidi nyama yetu hii ngumu, na sidhani kuwa ni kwa bahati. Neno lenyewe lina ndugu zake ng'ambo ya bahari. Huko Muscat nyama ya vijiti ya kando ya barabara huitwa mishkak hadi leo. Kata steki vipande vya sentimita mbili hadi tatu, ukikata kuvuka nyuzi za nyama na si kuzifuata. Kwa kilo moja saga kipande cha tangawizi ukubwa wa kidole gumba, punje sita za kitunguu thaumu, pilipili mbichi kwa kadiri ya ujasiri wa nyumba, bizari kidogo na chumvi. Kisha kitu kinachowashinda wengi kukiamini: paruza papai bichi, pamoja na ganda lake, upate kijiko kimoja cha chakula, uchanganye. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama, nacho hufanya kazi kwa nguvu zaidi nyama inapopata joto la moto. Saa moja hadi mbili zinatosha. Ukiiacha usiku kucha utachoma uji. Ndimu pia iwe kwa kiasi, na ya kutosha ibaki kwa ajili ya mezani, kwani nyama iliyolala sana kwenye ndimu hubadilika rangi na kukauka motoni.

Vijiti vya mianzi viloweke majini nusu saa visiungue. Wachomaji wa mitaani hutumia spoku za baiskeli, na hufaa kwa kuwa chuma hupitisha joto hadi katikati ya nyama. Za nyumbani ziwe zimesuguliwa vizuri. Usibananishe vipande. Dakika nane hadi kumi, ukigeuza mara kwa mara, zinatosha.

Mbuzi hahitaji yote hayo. Mbavu za mbuzi ni chumvi na subira tu: upande wa baridi kwanza, karibu saa nzima, zikinyunyiziwa maji ya chumvi, kisha upande wa moto mwishoni kwa rangi. Ukiona mtu anamzamisha mbuzi ndani ya viungo kumi, ujue hakumwamini aliyemuuzia.

Hata hivyo, nikiambiwa nichague chakula kimoja tu cha moto wa uani, sitachagua nyama. Nitachagua samaki wa kupaka, ambaye kutoka Lamu na Mombasa hadi Zanzibar na Dar es Salaam kila mpishi humdai kuwa wa kwao. Shuka Feri alfajiri, wavuvi wanapotua, ununue changu au tasi ambaye macho yake bado maangavu na matamvua mekundu. Mpasue mgongoni umfungue kama kitabu, mchanje, mpake chumvi, ndimu, thaumu na pilipili, umpumzishe nusu saa. Wavu uwe umeshapata moto na kupakwa mafuta kabla samaki hajalala juu yake, la sivyo ngozi itabaki chumani. Wakati anaiva, chemsha tui zito la nazi mbili pamoja na ukwaju kidogo, bizari na chumvi, ukikoroga mpaka lizito kama uji wa mtoto. Samaki akikaribia kuiva, mpake tui hilo kwa bua la kitunguu au kipande cha kumbi la nazi, mgeuze, likauke, mpake tena. Mara tatu, mara nne. Tui huganda juu yake, likaungua kidogo pembeni, na moshi wa matone yaliyodondoka juu ya makaa humrudia samaki mwenyewe. Hakuna mtungi wa gesi utakaokupa hilo.

Nyua zenyewe zinapungua. Pale Magomeni Kota, nyumba za zamani zilibomolewa na mahali pake pakasimama maghorofa yaliyozinduliwa mwezi Machi 2022 kwa ajili ya familia 644. Ni makao mazuri, yenye maji ndani na umeme, na asingekuwa mkweli mtu anayesema wakazi waliathirika kwa kuhamia humo. Lakini ghorofa halina uani, na jiko la mkaa halipandi ngazi bila hatari. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo ya kuogopwa zaidi ndani ya nyumba: hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksaidi, ambayo humlaza mtu asiamke. Kila msimu wa baridi, hasa katika mikoa ya nyanda za juu, husikika habari za familia zilizoingiza jiko chumbani ili wapate joto. Kuchoma ni kazi ya mahali penye anga. Wakazi wa ghorofa wanaweza kukubaliana juu ya kona moja ya uwanja wa chini, mbali na magari na madirisha, wakajenga meko ya matofali ya watu wote na kuchangia mkaa. Jiko moja kubwa linalochomewa nyama ya nyumba sita hula mkaa mdogo kuliko majiko sita, na wapangaji wa nyumba za Kiswahili waliokuwa wakiazimana makaa mekundu kwa koleo wasingeliona jambo hilo kuwa geni.

Nyama ikishatoka, makaa bado yana kazi. Tandaza mihogo iliyochemshwa nusu, ndizi mzuzu zilizoiva na maganda yake, mahindi mabichi kama ni msimu. Vyote huiva kwa joto lililobaki huku watu wakila. Mhogo uliochomwa hivyo, ukapasuliwa na kutiwa chumvi, pilipili na ndimu, umewahi kumfanya mgeni asahau mishkaki. Kinachobaki baada ya hapo usikiache kiishe bure. Kusanya makaa kwa koleo, yatie ndani ya debe la bati, funika kabisa hewa isipite, uliache debe hukohuko nje mpaka lipoe. Kesho yake mkaa huo huwaka upesi kuliko mpya. Na jivu, likichekechwa, linasugulia masufuria.